Dawa Kinga ya VVU Itoke Dirisha la Kawaida: Hoja kwa Vituo vya Afya vya Budondo

Hoja yangu ni moja. Dawa kinga ya VVU, maarufu kama PrEP, isiishie hospitali ya rufaa ya Jinja na vituo vikubwa. Ishuke hadi vituo vidogo vya Budondo, hapa Jinja, tena itolewe katika chumba kilekile cha uzazi wa mpango na kliniki ya wajawazito, si katika chumba ambacho kijiji kizima kinajua ni cha wenye virusi.

Kwamba dawa inafanya kazi, jibu lilipatikana hapa kwetu. Jinja na Mbale zilikuwa miongoni mwa maeneo tisa ya utafiti wa Partners PrEP, ulioanza 2008 nchini Kenya na Uganda na kuhusisha jozi 4,747 za wenza ambao mmoja wao ana VVU na mwenzake hana. Julai 2011 bodi huru iliyousimamia ilishauri vidonge visivyo na dawa visitolewe tena, kwa kuwa matokeo yalikuwa wazi: mchanganyiko wa tenofovir na emtricitabine ulipunguza maambukizi kwa asilimia 75. Wananchi waliokubali kupimwa mwezi baada ya mwezi ni miongoni mwa walioifungulia dunia njia hii, na si haki jirani zao wateseke na nauli kuifuata dawa hiyo mbali.

Pingamizi zito ni la umezaji. Utafiti wa VOICE, uliofanyika Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulishindwa kuonyesha kinga ya vidonge, kwa sababu wanawake wengi walionekana hawana dawa ya kutosha katika damu. Wapo wanaohitimisha kwamba wanawake wetu hawawezi kumeza dawa wakiwa wazima. Mimi nausoma ushahidi huo kwa namna nyingine. Katika Partners PrEP mwenza nyumbani alijua na kukumbusha. Msichana wa VOICE mara nyingi alikuwa na kopo alilotaka kuwaficha mwenza, ndugu na jirani, ambao wakiliona watadhani ni ARV, dawa za kufubaza virusi, za mgonjwa. Kilichokosekana ni faragha, wala si akili. Utafiti wa SEARCH unaniunga mkono: katika jamii 16 za vijijini Kenya na Uganda, watu walihudumiwa kliniki, nyumbani au popote walipochagua, na walioanza dawa walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 74 kuliko watu wa hali kama yao kabla dawa haijafika. Sindano ya lenacapavir, inayochomwa mara mbili kwa mwaka, inaondoa kopo lenyewe. Mwaka 2024, katika utafiti uliofanyika Afrika Kusini na Uganda, kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa.

Wengine wanahofia kwamba dawa italeta uasherati. Katika jozi zile 4,747 za Partners PrEP ngono bila kondomu haikuongezeka, na hofu hiyo haistahili kutupotezea muda zaidi. Linaloniumiza ni la fedha. Baada ya Marekani kusitisha misaada Januari 2025, kibali kilichofuata kiliruhusu fedha zake zilipie dawa kinga kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Msichana ambaye hajashika mimba aliachwa nje, na mvuvi wa Nile, na kijana wa bodaboda. Anayesema tuwahudumie wagonjwa kwanza ana huruma, lakini mgonjwa mpya atahitaji ARV maisha yake yote, ilhali dawa kinga humezwa kwa kipindi cha hatari tu. Hata kazi kwa muuguzi si kubwa kama inavyodhaniwa: kipimo cha VVU ni lazima, ila tangu 2022 Shirika la Afya Duniani halilazimishi kipimo cha figo kwa walio chini ya miaka 30 wasio na maradhi yanayoathiri figo.

Kwa hiyo ninawaomba viongozi wetu wa afya waiweke dawa kinga katika oda ya kawaida ya vituo vya Budondo, na wauguzi wa uzazi wa mpango wafundishwe kuitoa kabla ya mwaka mpya wa bajeti.