Matembezi ya Ahali Ziwani Singidani

Mwenye kuazimia kuondoka Sepuka alfajiri na ahali yake, akapanda gari hadi Singida mjini, kisha akatembea kwa miguu baina ya majabali yaliyolizunguka Ziwa Singidani, katika nyanda za juu zipatazo mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hana budi kufahamu kwamba maji yale, ijapokuwa yavutia macho, hayakati kiu. Kwani ziwa halina mto wa kuyatoa, na jua likisha kuyageuza mvuke, chumvi husalia. Ajabu ni kwamba heroe, ndege wale wa rangi ya waridi, hupata riziki yao katika maji kama hayo, wakichuja mwani kwa midomo iliyopinda.

Basi chukueni madumu ya maji safi kutoka nyumbani. Jabali la adhuhuri huunguza nyayo za mtoto mwenye kandambili, nalo likinyeshewa huteleza. Mvisheni viatu vya kufunga. Na mzazi achekaye mwanawe akiwarushia ndege mawe, huyo, kwa rai yangu, ndiye astahiliye kukemewa kwanza. Tafadhalini, rejeeni kabla ya magharibi.