Mkono wa Tom Robinson

Katika riwaya ya Harper Lee ya mwaka 1960, watu wa mji mmoja wa Alabama, Marekani, wanamvumia Boo Radley kwamba hula paka wabichi. Wangapi wamepata kuzungumza naye? Ndiye ajaye kuwaokoa watoto wa jirani.

Tom Robinson, mtu mweusi, haokoki. Asingiziwa kumnajisi msichana mzungu, mwenye majeraha upande wa kulia wa uso, kazi ya mkono wa kushoto. Wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambua pamba. Wazungu 12 walioketi kuamua wanauona, wanamtia hatiani. Nasi, tukiletewa habari ya jirani, hutazama mkono, au kabila lake? Tom afa kwa risasi 17, akijaribu kuruka ua wa gereza.