Kuyeyuka na Kumumunyika: Msamiati wa Kani katika Fuwele

Kitenzi kuyeyuka hutumika barafu inapogeuka maji juani, na hutumika pia sukari inapopotea katika kikombe cha chai. Sokoni na jikoni matumizi hayo hayampotoshi mtu. Katika darasa la kemia mambo ni mengine, kwa kuwa neno moja linafunika matukio mawili ambayo sababu zake hazifanani.

Chumvi ya mezani ni fuwele ya ayoni. Ayoni za sodiamu na za kloridi zimepangika kwa zamu, kila moja ikizungukwa na sita za chaji kinyume, na ili mpangilio huo uvunjwe kwa joto pekee hapana budi kufikia takriban nyuzi 801 za sentigredi. Hata hivyo, chumvi hiyohiyo hutoweka katika maji baridi. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba yote mawili ni kuyeyuka ana haki ya kuuliza nyuzi 801 zimekwenda wapi. Jibu ni kwamba molekuli za maji huzizingira ayoni na kuzing'oa mojamoja. Joto la tanuri halihitajiki.

Istilahi ifaayo ipo: kumumunyika. Wapo wanaoiona kuwa ya kitoto, kwa kuwa kumumunya ni kazi ya mdomo. Pingamizi hilo, kwa kweli, ni hoja ya kuitetea. Pipi inayomumunywa hupungua kwa sababu mate huzichukua molekuli za sukari, si kwa sababu mdomo wenye nyuzi 37 umeipasha moto. Sukari ikipashwa moto sufuriani hadi karibu nyuzi 186 huyeyuka kweli, na papo hapo huanza kuharibika na kugeuka rangi.

Utata wa pili ni wa neno nguvu. Ndani ya molekuli ya maji, kifungo cha oksijeni na haidrojeni huhitaji takriban kilojuli 460 kwa moli ili kivunjike. Mvutano wa haidrojeni baina ya molekuli na jirani yake huhitaji takriban 20 tu. Barafu inapoyeyuka ni mvutano huu unaolegea, na molekuli hubaki nzima. Yote mawili yakiitwa nguvu, mwanafunzi hudhani kuwa maji yanayochemka hutoa haidrojeni na oksijeni. Ni heri ya kwanza iitwe kifungo na ya pili kani. Tangu TUKI ichapishe Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, tatizo si uhaba wa istilahi bali uzembe wa kuzitumia.

Metali hazisumbui: chuma huyeyuka kwa nyuzi 1538, na maji hayakimumunyi. Kaboni ndiyo yenye mengi. Katika almasi ya Mwadui hamna molekuli za kutenganishwa. Kila atomu imefungwa kwa nyingine nne, hadi ukingoni mwa jiwe. Grafiti nayo ni kaboni, lakini imepangika kwa matabaka yanayoshikana kwa kani dhaifu, hivyo huteleza na kubaki karatasini. Kiswahili hukiita chombo hicho kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe.