Damu ya Ukoo na Saratani ya Mlango wa Kizazi: Mbulu na Hanang katika Ramani ya Vinasaba



Swali la leo si langu. Ni la familia zinazouguza. Mama amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Miaka inapita, binti naye anaanza kutokwa damu nje ya siku zake, na ukoo unakaa kuulizana: hili ni la kurithi? Sisi wataalamu tumezoea kujibu upesi kwamba hapana, huu ni ugonjwa wa virusi. Jibu hilo ni la kweli lakini ni nusu, na familia inayolipokea huondoka nalo bila kuridhika.

Virusi kwanza, kwa kuwa pasipo virusi maneno mengi ya leo hayana mahali pa kusimama. Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake kule Ujerumani walitenga virusi vya HPV aina ya 16 kutoka kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi, na mwaka uliofuata wakaitenga aina ya 18. Kazi hiyo ilimpatia zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Aina hizo mbili ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi duniani. Lakini virusi hivyo ni vya kawaida mno. Wengi wanaojamiiana huvipata wakati fulani maishani, na kwa karibu wanawake tisa kati ya kumi mwili huvimaliza wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa huyo wa kumi hukaa, hung'ang'ania, na baada ya miaka 15 au 20 huenda vikaleta saratani. Kwa nini yeye?

Sababu moja tunaijua vizuri: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya takriban mara sita zaidi, na saratani humjia mapema. Sababu nyingine amezaliwa nayo.

Ushahidi wa hilo ulitoka Uswidi, nchi inayotunza kumbukumbu za wagonjwa na za koo kwa miaka mingi. Mwaka 1999 Patrik Magnusson, Pär Sparén na Ulf Gyllensten walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Walilinganisha ndugu wa damu wa wagonjwa na ndugu wa kulea. Dada na mama wazazi wa wagonjwa walikuwa na hatari karibu mara mbili ya wanawake wengine. Dada wa mzazi mmoja walikuwa katikati. Mama walezi hawakuonyesha ongezeko la maana, ingawa walikula meza moja na wagonjwa na kuishi nao nyumba moja. Baadaye baadhi ya watafiti hao wakakadiria kwamba urithi unaeleza karibu asilimia 27 ya tofauti ya hatari kati ya mtu na mtu. Naomba namba hiyo isitoke hapa ikiwa imepinda. Haina maana kwamba binti wa mgonjwa ana asilimia 27 ya kuugua. Kinachopimwa ni tofauti zilizomo ndani ya jamii nzima, wala si bahati ya mtu mmoja.

Urithi huo unakaa wapi? Sehemu kubwa tunayoifahamu iko kwenye kromosomu ya sita, penye jeni za HLA. Virusi vinapoingia kwenye seli, vipande vya protini zake hubebwa na molekuli za HLA hadi juu ya seli ili askari wa kinga wavikague, kama dalali wa mnadani anavyoinua shuka juu wanunuzi walione. Kila mmoja wetu amerithi seti yake ya HLA, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Zipo zinazoinua kipande cha HPV 16 kikaonekana vizuri, na zipo zinazokiinua nusunusu. Kundi liitwalo DRB1*13 limeonekana katika tafiti nyingi kuwa kinga. DRB1*15 linapoambatana na DQB1*06:02 limeonekana kuongeza hatari. Tafiti zilizopekua vinasaba vya maelfu ya wanawake wa Ulaya na China zimerudi tena na tena kwenye eneo hilo hilo la kromosomu ya sita.

Huu si urithi wa selimundu, ambako jeni moja ikipokewa kwa wazazi wote wawili mtoto anaugua. Hapa ni jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo, na zote zinangoja virusi. Ipo hali adimu, Peutz-Jeghers, ambamo hitilafu ya jeni STK11 huweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi isiyotokana na HPV kabisa. Ni nadra sana.

Uwanja huu pia umewahi kudanganyika. Mwaka 1998 watafiti wa London walitangaza kwamba wanawake wenye umbo fulani la jeni ya p53 wana hatari mara saba. Dunia nzima ya maabara ikakimbilia huko. Miaka 11 baadaye data za makumi ya tafiti zilipounganishwa, uhusiano huo haukuonekana. Mtu akija na kipimo cha vinasaba cha kuuza, akisema kitakuonyesha saratani yako ya kesho, mkumbuke p53.

Sasa tuje nyumbani, Mbulu na Hanang. Bonde la Yaeda, Haydom, Dongobesh, Katesh, Bassotu: ni miongoni mwa maeneo machache Afrika ambako unaweza kusikia lugha za asili nne tofauti kwa mwendo wa siku moja. Wairaqw ni Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, Wahadzabe wana lugha isiyo na ndugu wa wazi, na Wanyiramba, Wanyaturu na Waisanzu ni Wabantu. Mwaka 2009 Sarah Tishkoff na wenzake, akiwemo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti wa vinasaba vya jamii 121 za Afrika, zikiwemo za ukanda huu, na kuthibitisha kwamba Waafrika wana tofauti nyingi za vinasaba kuliko watu wa bara lingine lolote. Kwa hiyo kumpima mama wa Dongobesh kwa jedwali la hatari lililotengenezwa Stockholm ni kubahatisha.

Nasema hivyo kwa sababu tuna mfano, na unahusu maziwa. Kwa muda mrefu uwezo wa mtu mzima kusaga sukari ya maziwa ulielezwa kwa badiliko moja la vinasaba lililopatikana kwa Wazungu. Wafugaji wetu wanakunywa maziwa tangu enzi, ila badiliko hilo la Ulaya halikueleza uwezo wao. Mwaka 2007 timu hiyo hiyo ya Tishkoff na Nyambo ikaonyesha kwamba wafugaji wa Tanzania na Kenya wana badiliko lao wenyewe, lililozuka peke yake. Aliyetafuta la Ulaya tu angeandika kwamba Wadatoga hawawezi maziwa! Sioni kwa nini HLA na HPV zisiwe na mambo kama hayo, tena zaidi, kwani jeni za HLA ndizo zenye sura nyingi kuliko zote mwilini na zimechongwa na maradhi ya kila mahali.

Ndiyo maana natetea utafiti ufanyike hapa, na uwe wa haki. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ipo tangu 1955 na imezoea kazi za utafiti. Damu ikichukuliwa, watu waelezwe kwa lugha yao, sampuli zisihame nchi bila ridhaa, na matokeo yarudi kijijini kabla ya kwenda jaridani. Mhadzabe amepimwa mara nyingi kuliko alivyotibiwa. Hilo halipendezi.

Hata hivyo, utafiti huo hauna ruhusa ya kutucheleweshea jambo lingine. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani hii wapatao 10,000, na zaidi ya 6,000 walifariki. Vifo hivyo havisababishwi na HLA ya Kitanzania. Vinatokana na kuchelewa: mama anapanda basi kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakati ugonjwa umeshatoka kwenye mlango wa kizazi. Na Uswidi ile ile iliyotufundisha urithi imetufundisha la pili. Mwaka 2020 watafiti wake walionyesha kwamba wasichana waliochanjwa kabla ya kufikisha miaka 17 walikuwa na hatari ya saratani hii pungufu kwa asilimia 88. Koo zao hazikubadilika. Chanjo hutengeneza kingamwili zinazokamata virusi kabla havijaingia kwenye seli, kwa hiyo udhaifu wa kurithi katika kuvionyesha baadaye haupati nafasi kubwa.

Huku kwetu, utafiti wa DoRIS wa Mwanza ulichanja wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, na karibu wote waliopata dozi moja tu walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 miaka miwili baadaye. Tanzania ilianza chanjo hii nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja.

Basi kwa familia iliyouliza: ndiyo, ukoo una sehemu yake, na sehemu hiyo ni sababu ya kuwahi. Ambaye mama yake au dada yake aliugua asingoje damu wala maumivu; aende akapimwe, iwe kwa kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi au kwa kipimo cha HPV, na amwambie mhudumu kuhusu ndugu yake. Mume asimzuie. Akikutwa na mabadiliko ya awali, yanatibika kituoni siku hiyo hiyo mara nyingi, kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto, bila kulazwa. Na binti wa miaka 9 hadi 14, awe Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe au Mnyiramba, hahitaji kupimwa vinasaba ndipo achanjwe. Mpelekeni.