Nchi Ndogo za Pwani: Habari za Monaco na Witu



Jioni ya leo nataka kuwatoa katika uwanda wetu huu wa Ugogo, niwapeleke pwani. Sisi wakaaji wa Dodoma, Kondoa na Mpwapwa tumezoea kuona nchi ikienea hata macho yakachoka. Mtu akipanda jabali lolote la hapa mjini aona mibuyu, aona vumbi la ng'ombe, tena nyuma ya vumbi aona nchi nyingine. Kwa hiyo ni vigumu kwetu kufikiri ya kwamba nchi yaweza kuwa ndogo kuliko malisho ya kijiji kimoja.

Siku moja nilikuwa nikifundisha jiografia ya Ulaya katika chuo chetu cha ualimu. Mwanafunzi mmoja akaweka kidole juu ya ramani, mahali Ufaransa inapokutana na bahari karibu na Italia, akaniuliza, "Mwalimu, hii ni nchi, au ni uchafu wa nzi?" Darasa zima likacheka. Nikamwambia, "Ni nchi, nayo huitwa Monaco."

Monaco ina ukubwa wa kilomita za mraba mbili na kidogo tu, yaani eka mia tano na ushei. Ranchi ya Kongwa ingeimeza mara nyingi isishibe. Nyuma yake pana milima, mbele yake pana bahari, na katikati watu wamejenga nyumba juu ya nyumba, hata wamejaza mawe baharini ili wapate ardhi. Mtu mwenye miguu mizuri huvuka nchi yote kwa saa moja. Wakaaji wake hawafiki elfu arobaini, na katika hao wenye uraia ni kama robo tu. Waliobaki ni wageni, na wengi wao ni matajiri.

Mtawala wake huitwa Mwana Mfalme, naye ni wa ukoo wa Grimaldi. Ukoo huu ulishika ngome ya Monaco mwaka 1297. Husimuliwa ya kwamba François Grimaldi aliingia langoni amevaa joho la mtawa, na upanga chini yake. Wa sasa ni Albert wa Pili, aliyerithi mwaka 2005. Yuko waziri mkuu wa kumsaidia, na baraza la watu 24 wanaochaguliwa na raia.

Lakini neno ninalotaka mlishike ni hili. Zamani Monaco ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa ilikuwa na miji ya Menton na Roquebrune. Mwaka 1848 miji hiyo iliasi. Mwaka 1861 Mwana Mfalme Charles wa Tatu alifanya mkataba na Ufaransa, akaiuza miji yote miwili kwa faranga milioni nne, na Ufaransa ikakubali ya kwamba kipande kilichobaki ni nchi yenye kujitawala. Alipoteza karibu nchi yake yote ili abakiwe na kiini chake. Kisha, kwa kuwa hakuwa na mashamba ya kutoza kodi, mwaka 1863 alitoa ruhusa kwa kampuni kuendesha nyumba ya kamari. Fedha ikaja kwa wingi, hata mwaka 1869 raia wakasamehewa kodi ya mapato. Raia wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo. Mchezo ni wa wageni. Sisemi ni desturi ya kuigwa, ila nakiri kwamba Charles alijua kuhesabu.

Wanafunzi wangu walipokwisha kucheka nikawaambia, "Msicheke sana. Katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki ilikuwako nchi ya namna hii, yenye sultani wake na stempu zake." Hakuna hata mmoja aliyeijua. Basi nitawasimulieni kama nilivyowasimulia.

Mtu akishika pwani kutoka Tanga kwenda kaskazini, akapita Mombasa na Malindi, hufika mahali mto Tana unapoingia baharini kwa njia ya mto Ozi. Hapo pana mji mdogo wa Kipini. Wale wanaozijua habari za Fumo Liyongo watakumbuka jina hilo, maana kaburi lake huonyeshwa huko. Mbele ya Kipini ni visiwa vya Lamu, Manda na Pate. Ukiacha bahari nyuma yako ukaingia bara mwendo wa siku, au pungufu, wafika Witu. Nchi ni tambarare, na wakati ule ilizungukwa na msitu mnene wenye vichaka vya miiba. Ardhi yake ni njema kwa mahindi na ufuta, na mpunga hustawi mabondeni kwenye maji ya Tana. Pembe za ndovu na mpira wa msituni zilipita hapo kwenda kwa wafanya biashara wa Lamu.

Nani aliyeanzisha nchi hiyo? Ukoo wa Wanabahani, ambao asili yao ni Omani, ulitawala Pate kwa karne nyingi, na watawala wao waliitwa Fumo, ndilo jina la enzi la watu wa kale wa pwani ile. Yapata mwaka 1812 watu wa Pate, wakisaidiwa na Wamazrui wa Mombasa, walikwenda kupigana na Lamu, wakashindwa vibaya sana katika ufuo wa Shela. Watu wa Lamu wakamwita Sayyid Said wa Omani awe mlinzi wao, na tangu hapo nguvu za Pate zikapungua mwaka hata mwaka. Katika miaka ya 1860 Sayyid Majid wa Unguja alikamilisha kazi ya baba yake. Ndipo Ahmed, Mnabahani, aliyepewa jina la Simba, alipokimbilia bara. Alikaa kwanza Kau, penye mto Ozi, kisha akahamia Witu. Nadhani hakupenda kukaa tena ufuoni, kwa kuwa Unguja walikuwa na jahazi za vita na mizinga, lakini mzinga hauoni ndani ya msitu.

Sasa angalieni watu waliomfuata. Walikuwako Waswahili wa Pate na Siyu waliokataa kutawaliwa na Unguja. Walikuwako Waboni, wawindaji hodari wa msituni, na Wapokomo, wakulima wa mtoni. Lakini wengi walikuwa watoro. Mashamba ya Lamu na ya bara iliyo mkabala wake yalilimwa na watumwa, na mtumwa aliyefaulu kuvuka usiku akaingia msitu wa Witu hakurudishwa. Alipewa mahali pa kulima, naye siku ya vita alichukua silaha kwa ajili ya Sultani. Vijiji vya watoro vikawa vingi, kila kimoja na mkubwa wake.

Nisiwadanganye: Simba hakuwa mkombozi wa watumwa. Wakubwa wa Witu wenyewe walikuwa na watumwa wao, na watu wa Lamu walilalamika kwamba mashamba yao yalinyang'anywa na watu wao kuchukuliwa kwa nguvu. Walakini kwa mtumwa wa Lamu aliyetazama ng'ambo jioni, Witu palikuwa mahali pa pekee palipomwezekana kwa miguu yake mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu ya nchi ile, na ndiyo sababu majirani wake waliichukia.

Simba alijua kuwa peke yake hawezi kushindana na Unguja milele. Akatafuta mkubwa wa kumkinga. Walikuwako ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliokuwa wakiijua nchi ya Tana. Tarehe 8 Aprili 1885 Simba aliwauzia sehemu ya nchi, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kwamba Witu iko chini ya himaya yake. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, Kaisari wa Ujerumani alikuwa ametoa barua ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa sababu ya mikataba ya Karl Peters. Usagara, wasikilizaji wa Mpwapwa, ni milima ile mnayoiona kila asubuhi. Sayyid Barghash wa Unguja alipinga mambo yote mawili pamoja. Mwezi wa Agosti manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, naye akanyamaza. Hivyo Witu na Usagara, nchi mbili zisizojuana, ziliingia katika daftari moja.

Mwaka 1886 Wazungu wakagawanya pwani kwa penseli. Sultani wa Unguja akaachiwa ukanda wa maili kumi kutoka Ruvuma mpaka Kipini. Na Witu ikapewa pwani yake kutoka Kipini mpaka mwisho wa ghuba ya Manda upande wa kaskazini. Sasa ilikuwa nchi ya pwani kweli, na mlinzi mkubwa. Mwaka 1889 ilitoa stempu zake yenyewe. Monaco ilikuwa imeanza kutoa zake mwaka 1885, miaka minne tu kabla. Mtu angalizitazama nchi hizi mbili mwaka ule, angalisema zafanana.

Lakini tarehe 1 Julai 1890, huko Berlin, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba mwingine. Wajerumani walitaka kisiwa cha Heligoland, kilichoko katika bahari ya kaskazini mbele ya nchi yao, nacho kilikuwa mkononi mwa Waingereza. Kisiwa hicho ni kidogo kuliko Monaco! Ili wakipate, pamoja na mambo mengine, waliikubali himaya ya Kiingereza juu ya Unguja, nao wakaiacha Witu. Simba alikuwa amekwisha kufa, na aliyetawala ni Fumo Bakari. Yeye alikuwa na mkataba wa Wajerumani mkononi, na mwenye kuuandika amekwisha kuondoka.

Baada ya miezi miwili Mjerumani mmoja jina lake Küntzel alifika Witu na wenziwe ili kupasua mbao. Kulitokea ugomvi, bunduki zikalia penye lango la mji, naye akauawa pamoja na wenziwe kadhaa. Waingereza, ambao ndio walinzi wapya, wakamtaka Fumo Bakari aje ahukumiwe. Hakuja. Mwezi wa Oktoba Admirali Fremantle akashusha askari na mabaharia Kipini, wakaingia msituni, na tarehe 27 Witu ikatekwa na kuteketezwa kwa moto. Mwenye kuahidi ulinzi wa nchi alianza ulinzi wake kwa kuichoma. Fumo Bakari alikimbilia vichakani, akafa mwezi wa Januari 1891.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipewa nchi mwaka 1891, ikaona gharama ni kubwa, ikaiacha mwaka 1893. Fumo Omari, ndugu wa marehemu, aliendelea kupigana msituni pamoja na watoro mpaka akakamatwa. Mwaka 1895 Waingereza wakamweka Omari bin Hamed kuwa Sultani, nao wakatawala kwa jina lake hata mwaka 1923. Baada yake hawakumweka mwingine.

Monaco je? Nayo haikukosa hofu. Mkataba wake na Ufaransa wa mwaka 1918 ulisema kwamba ukoo ukikosa mrithi, nchi itaingia chini ya ulinzi wa Ufaransa, na kwa miaka mingi watu wake walihesabu watoto wa Mwana Mfalme kama sisi tuhesabuvyo mawingu mwezi wa Novemba. Mkataba mpya wa mwaka 2002 umeliondoa sharti hilo, na tangu mwaka 1993 Monaco imo katika Umoja wa Mataifa, yenye kura moja sawasawa na yetu.

Witu leo ni mji mdogo katika kaunti ya Lamu, nchini Kenya. Magari yatokayo Malindi kwenda Lamu hupita hapo, na abiria hununua maembe wakiwa wamekaa vitini.

Nilipofika hapo katika somo langu, yule mwanafunzi wa uchafu wa nzi aliinua mkono. Akasema, "Mwalimu, mwaka 1861 Mwana Mfalme wa Monaco alikuwamo katika mkataba, akauza nchi yake mwenyewe na fedha akapokea. Mwaka 1890, ni nani aliyetia sahihi kwa ajili ya Witu?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza tena, "Na mkataba huo huo si ndio uliotia mipaka ya nchi hii kubwa ambayo Ugogo umo ndani yake? Kwa ajili ya Wagogo alitia sahihi nani?"

Nikamjibu lile lile. Kengele ikalia, nao wakatoka kwenda kuteka maji.

Kwaherini.