Baiskeli Katika Theluji ya Oulu

Oulu ni mji wa Finland ulio kando ya Ghuba ya Bothnia, chini ya kilomita 200 kutoka Mzingo wa Aktiki. Mwishoni mwa Desemba jua huonekana kwa saa tatu na nusu hivi, kisha huzama. Januari, kipimajoto kikisoma nyuzi 20 chini ya sifuri, hakuna anayeshangaa. Hata hivyo baiskeli haziwekwi stoo. Watoto huenda nazo shuleni gizani, wazee huenda nazo dukani, na hakuna anayewaita mashujaa.

Wageni hudhani siri ni ugumu wa watu wa kaskazini. Lakini iko miji mingi ya Kanada na Marekani ambako baridi ni kali vilevile, na baiskeli huwa adimu mara theluji iangukapo. Baridi haiwezi kuwa ndiyo sababu. Oulu ilianza kupanga njia za baiskeli katika miaka ya 1970, na leo zina urefu wa zaidi ya kilomita 800, nyingi zikiwa zimetengwa kabisa na magari. Penye barabara kubwa, njia hupita chini yake, hivyo mwendeshaji hasimami kwenye barafu kungoja taa.

Njia bila matunzo ingekuwa bure. Theluji ikianguka usiku, njia kuu huanza kusafishwa kabla watu hawajatoka kwenda kazini. Haikwanguliwi yote hadi lami. Tabaka jembamba huachwa, likashindiliwa, likachorwa mifereji kwa meno ya greda, na changarawe ikamwagwa penye utelezi. Katika baridi kavu, uso huo hushika tairi vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Chumvi ni habari nyingine. Copenhagen, ambako halijoto huzunguka sifuri, huitumia kwenye njia za baiskeli na hufanikiwa. Kwenye baridi kali zaidi ya nyuzi 10 chini ya sifuri nguvu yake hupungua sana; badala ya njia kavu hubaki uji wa theluji unaoyumbisha gurudumu na kula mnyororo. Mji unaoiga dawa ya mwenzake bila kutazama kipimajoto chake hupoteza fedha.

Baiskeli yenyewe haihitaji makuu. Tairi zenye vijiti vya chuma husaidia kwenye barafu tupu, na kupunguza upepo kidogo huongeza mshiko. Kosa la kawaida ni kuiingiza baiskeli ndani ya nyumba yenye joto: theluji huyeyuka, maji huingia kwenye nyaya za breki na gia, kisha huganda ikitolewa nje. Banda lisilo na joto ni bora. Betri za taa pekee ndizo za kulala ndani.

Mavazi nayo yana kanuni moja: anayetoka nyumbani akiwa na joto la kutosha atatokwa jasho baada ya dakika 10. Pamba hulinyonya jasho na kubaki mbichi. Sufu huendelea kupasha hata ikilowa. Glavu zinazokusanya vidole vinne pamoja hupasha kuliko za kidole kimoja kimoja.

Kipindi kigumu zaidi huja baridi inapolegea. Mchana theluji huyeyuka, usiku maji huganda, na asubuhi njia huwa kioo.