Kipima Unyevu na Daftari la Chama

(Mazungumzo kwa wanachama wa ushirika, Saza, Wilaya ya Songwe)



Tangu zamani mkulima hupima unyevu kwa mkono: huchimba kidogo, hufinya udongo, kisha huamua kama atamwagilia au atangoja. Kipimo hicho ni chema, lakini hakifiki penye mizizi ya chini, wala hakiachi maandishi.

Mkoani Iringa, katika skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi, mradi wa utafiti ulioanza mwaka 2013 uliwapatia wakulima chombo kiitwacho Chameleon. Vipima vyake hufukiwa katika vina mbalimbali, na taa hueleza hali: buluu, udongo umelowa, kijani, unyevu watosha, nyekundu, udongo umekauka. Wakulima walitambua kuwa walikuwa wakimwagilia kupita kiasi, na maji ya ziada yakiteremka na mbolea. Wengi walipunguza zamu za maji, na mavuno yakaongezeka.

Siku hizi vipo pia vipima vidogo vya kuchomeka katika kitalu cha miche, vyenye betri bapa mfano wa ile ya saa. Hupima unyevu, joto na mwanga, na kutuma habari kwa mawimbi ya Bluetooth. Mawimbi hayo hayaendi mbali, na ukuta wa tofali huyadhoofisha. Kwa hiyo kipokezi huwekwa karibu na kitalu, nacho hupeleka habari kwa Wi-Fi hadi kompyuta ya ofisini. Programu ya bure, Home Assistant, huzipokea na kuzihifadhi humo humo. Intaneti ikikatika, kumbukumbu hubaki.

Hapo ndipo penye jambo la ushirika. Ni rahisi kuunganisha kipima na simu ya mtu mmoja. Lakini simu ikipotea, au mwenyewe akihama, kumbukumbu za kitalu cha wote zimeondoka. Chama kisichoruhusu fedha zake zikae mfukoni mwa mtu mmoja kisiruhusu vipimo vyake vikae humo.

Hivyo basi, hapana budi kompyuta iwe mali ya chama, na neno la siri lijulikane kwa viongozi zaidi ya mmoja. Kila asubuhi katibu aandike daftarini kipimo na maji yaliyotolewa, maana umeme nao hukatika. Kabla ya yote, kipima kijaribiwe katika udongo mkavu, kisha uliolowa, kwa kulinganisha na mkono. Kwani asilimia 30 katika kichanga si sawa na asilimia 30 katika mfinyanzi.

Miche ikifa, lawama humwangukia mwangalizi wa kitalu. Daftari litaonyesha kama ilikufa kwa kiu, kwa maji mengi, au kwa sababu nyingine, na mkutano utaamua kwa haki.